Dirisha la Kutokea

Mtaa mzima unamwita baba mkwe wangu Cheche. Mimi namwita Baba mbele yake, lakini moyoni ni Cheche tu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shati jipya kwake halimalizi wiki kabla halijatoboka vitundu kifuani, na nyusi zake zimechoka kuota. Kwa zaidi ya miaka thelathini ametengeneza nondo za madirisha ya mtaa wetu, na ukitembea naye jiandae kuchelewa uendako, maana atasimama kila nyumba akuonyeshe kwa kidole. "Ile yangu. Ile yangu. Ile si yangu, ndiyo maana waliibiwa redio."

Wezi tunao, siwezi kuficha. Si wale wa bunduki. Wetu ni wa kupita na kitu chochote kilicholegea: nguo kambani, mtungi wa gesi, ndoo, hata mbwa wa watu. Na mafuriko tunayo. Mtaa uko bondeni, mto unapita nyuma ya kiwanda cha matofali, na mvua kubwa zikianza tunakaa roho juu mpaka zikatike. Kwa hiyo sisi tuna balaa mbili zisizoelewana. Mwizi anakutaka ufunge kila kitu, maji yanakutaka ufungue. Cheche alikuwa amesikiliza upande mmoja tu.

Nyumba yetu aliifunga mpaka ikakoma. Nondo nene kila dirisha, za kuchomelewa moja kwa moja ukutani. Mlango wa mbele wa chuma, wa nyuma wa chuma. Hati za nyumba na vyeti vyetu alivitengenezea sanduku la bati nene lenye makufuli mawili, zito kiasi kwamba tangu liwekwe chini ya kitanda hakuna aliyewahi kulisogeza, hata kufagia. Sanduku lile lilikuwa salama kwa wezi na salama kwetu sisi pia. Funguo zote, za kila kitu, zilikaa kiunoni mwake kwenye pete moja kubwa, akitembea unamsikia kutoka kona ya barabara.

Mimi nashona nguo hapo nyumbani, chumba cha mbele. Mume wangu ni dereva wa lori, anaonekana kwa wiki mara moja akijitahidi. Kwa hiyo mchana nyumbani tunakuwa mimi na Mama mkwe, pamoja na paka wake Meneja, ambaye hafanyi kazi yoyote ila anasimamia. Zamani alikuwepo na Bosi.

Bosi alikuwa mbwa wa Cheche hasa, dume jeusi, mkali, asiyetaka masihara. Mwaka juzi wezi walikata kamba ya mbwa wa jirani wakaondoka naye. Cheche akasema kwake hawataweza. Akamfunga Bosi getini kwa mnyororo, na mnyororo akautia kufuli. Ufunguo ukaenda kiunoni na wenzake.

Maji yalikuja saa sita mchana, Cheche akiwa upande wa pili wa mji, juu ya dirisha la mteja. Milango yetu ilibanwa na maji, ikakataa kufunguka. Mimi na Mama tulishika nondo za dirisha tukimtazama Bosi getini, naye akitutazama. Mpaka tunausukuma mlango wa nyuma ukapata upenyo, maji yalikuwa kifuani. Mama alimfikia. Alimwinua kichwa kwa mikono miwili, akasimama naye hivyo, akimwambia subiri, subiri, baba anakuja. Maji yalipomfika Mama shingoni nilimvuta kwa nguvu zangu zote, na mpaka leo sijui kama amenisamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe sana.

Cheche alifika jioni, maji yameshuka. Alifungua lile kufuli mwenyewe, akamzika Bosi nyuma ya bafu, akanawa mikono. Ufunguo alirudisha kiunoni. Mama ndiye aliyesema, tena mara moja tu: "Kuanzia leo, kitu chenye pumzi hakifungwi kufuli katika nyumba hii."

Wiki mbili baadaye akaja mbwa mwingine bila kualikwa. Wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama, jingine limelala. Aliingia getini akalala mlangoni kwetu, na asubuhi yake alikuwa bado yupo. Tukamwita Mgeni. Anampenda kila mtu. Anampenda msoma mita, anampenda mtu anayemkanyaga. Cheche alimwangalia kwa jicho la pembe. "Huyu si mbwa," alisema, "huyu ni mpokea wageni." Hakumgusa hata siku moja, ila mifupa ya sahani yake ilianza kupotelea kusikojulikana, na Mgeni akaanza kunenepa.

Basi mwaka huu redio ilipotangaza kwamba mvua zitakuwa kubwa, tulikuwa tunakula chakula cha jioni. Mama akaweka kijiko chini.

"Mume wangu, mvua zikianza na nyumba hii haina pa kutokea, mimi naenda kwa dada yangu. Naenda na Meneja na Mgeni."

Cheche akacheka. "Haya, mkapumzike. Mtarudi kiangazi."

"Sirudi."

"Mpaka lini?"

"Nimesema sirudi."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Miaka arubaini wamekaa wote, na Mama si mtu wa kutishia nyau. Mimi niliinama nikala kwa bidii, maana maneno ya wakwe ukiyatolea macho utaulizwa na wewe unaonaje.

Mama akaendelea, sauti ileile ya kuomba chumvi. "Nitabandika birika. Lile kubwa, limejaa. Siku nitakayochagua mimi. Kila mwenye pumzi awe nje ya geti kabla halijachemka. Likichemka na mtu yuko ndani, nimefungasha."

Kesho yake Cheche alianza kazi. Alikata nondo za dirisha la chumbani kwao, ambalo linatazama njia ya kupandia shuleni, akazitia kwenye fremu yenye bawaba, zikafunguka kama mlango. Alizipaka rangi, akatuita tuje tusifu. Tukasifu. Kazi ilikuwa safi, siwezi kumnyima haki yake. Halafu Jumanne, saa nne asubuhi, Cheche akiwa karakana, nikasikia Mama anaita kutoka jikoni: "Birika limebandikwa!"

Niliacha cherehani inazunguka. Nikamkimbilia Meneja, akaingia uvunguni nyuma ya sanduku, nikamtoa kwa mkia, akanichana mkono kuanzia kiwiko. Mgeni alidhani ni mchezo akaanza kuzunguka meza. Tukafika dirishani tukihema, na pale kwenye nondo mpya zinazonukia rangi tukakuta kufuli, kubwa kama ngumi, na ufunguo wake uko kiunoni, na kiuno kiko karakana.

Mama alikaa kitandani akasubiri birika lichemke. Lilipochemka alichukua simu.

"Mume wangu, tumekufa. Mimi, mkweo, paka na mbwa. Ukirudi pitia mkate."

Cheche alirudi na mkate, na uso umesawijika. Mama hakufungasha. Alisema hiyo ilikuwa ya majaribio, ya pili haitakuwa. Cheche alikaa mbele ya lile dirisha jioni nzima, ameshika tama. Hakukusudia kutufungia, huo ndio ukweli wake. Mkono wake umezoea: chuma kikikamilika, kinatiwa kufuli. Alikuwa amelitia bila hata kujua.

Akaling'oa, akaweka komeo. Halafu wasiwasi ukamhamia upande wa pili: komeo bila kufuli, mtu si atapitisha mkono kutoka nje afungue? Ndipo akafanya jambo ambalo nilidhani sitaliona. Alikwenda kumwita Mstaafu.

Mstaafu ni muuza mafagio. Zamani alikuwa mwizi, tena wa kutajwa, akafungwa, akatoka, akasema basi imetosha. Yeye na Cheche walikuwa hawasalimiani kwa miaka ishirini, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye aliyemharibia kazi. Alifika na mafagio yake begani, akayaegemeza ukutani, akalitazama dirisha kutoka nje.

"Nifungue?"

"Fungua," akasema Cheche, amekunja mikono.

Mstaafu alichomoa kijiti kwenye fagio moja, akakipitisha kati ya nondo, akalivuta komeo. Nilikuwa sijamaliza kumimina chai kwenye kikombe chake.

"Fundi," alisema kwa heshima zote, "hapa hata shemeji yangu angeingia, na ana kitambi."

Wiki mbili zikaenda hivyo. Cheche anabuni, Mstaafu anafungua. Mwishowe Cheche akachomelea kiboksi cha chuma juu ya komeo, kimezibwa pande zote ila chini, na chini yenyewe inatazama ndani, lazima uingize mkono kwa kuukunja kama unajikuna mgongo. Akakiweka juu, maji yasikifikie haraka, lakini si juu kuliko mkono wa Mama, na Mama ni mfupi. Alimpima Mama mara tatu, amesimama, amechutama, amembeba paka. Mstaafu alikuja saa mbili asubuhi akiwa na waya, mwavuli na fimbo ya pazia. Saa tano alikuwa bado yuko nje anatokwa jasho, Mgeni amelala juu ya viatu vyake.

"Nimeshindwa," akasema, akaingia ndani kwa mlango kunywa chai.

Cheche aling'aa uso wote. "Unaona sasa? Nondo zangu ndizo zilizokushinda siku zote. Sema kweli. Ndiyo maana nyumba hii hukuigusa."

Mstaafu aliweka kikombe chini. Nadhani alidhani anampa Cheche sifa. "Nondo? Nondo tulikuwa na dawa zake, fundi. Mimi hapa nilimwogopa yule mbwa mweusi. Yule afungwe au asifungwe, sauti yake tu ilinitosha."

Mama alisimama akaenda kumwagia maua maji, na maua yalikuwa yameshamwagiwa. Cheche alipapasa pete ya funguo kiunoni, akatoka kwenda karakana. Nilipompelekea chakula mchana nilimkuta amekaa juu ya mtungi, mashine imezimwa, hajachoma hata kijiti kimoja cha kuchomelea. Nilimhurumia mpaka nikataka kulia. Nikamwambia chakula kitapoa, kwa sababu mkwe hana cha kusema zaidi ya hapo.

Baada ya siku ile alibadilika. Mambo ya wanyama aliyokuwa anamwachia Mama aliyaingilia kama yake. Meneja tulimfundisha kulia chakula ndani ya kikapu chenye mfuniko, kila siku, mpaka akawa akikiona kikapu anaingia mwenyewe na kuanza kulalamika huduma imechelewa. Chakula chao cha siku tatu kikawekwa kwenye ndoo ya mfuniko juu ya kabati. Tulipiga picha kwenye simu, Mama na Meneja, Mama na Mgeni, ili mtu akiiba mbwa wetu kwenye vurugu za maji tuwe na cha kuonyesha. Vyeti vikatoka sandukuni, vikaingia mfuko wa plastiki wenye kamba ya kuvaa shingoni. Kichwa cha cherehani yangu nilikihamishia kwa jirani mwenye ghorofa. Na Cheche akamtengenezea Mgeni kibati cha shingoni chenye namba ya simu, ila alitumia chuma cha geti. Maskini mbwa alitembea kichwa chini siku nzima, watu wakatuuliza ana msiba gani.

Mama alibandika birika mara ya pili Jumatano moja, bila taarifa. Lilikuwa linaanza kuimba tu wakati mimi, yeye, paka na mbwa tumesimama nje ya geti tunatazamana. Mama alirudi ndani akamalizia kulichemsha, akatengeneza chai, akampelekea Cheche karakana mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu mimi niolewe.

Jambo moja tu hatukulifikiria, na nadhani Cheche alikuwa analijua akanyamaza. Dirisha lile linafungwa kwa ndani tu. Ukishatoka, nyuma yako limebaki wazi. Na maji yakijaa mtaani, wenye mikono mirefu nao huja, na madumu ya kuelea, wanapita nyumba hadi nyumba. Anayetaka kulifunga lazima abaki ndani.

Mvua ilinyesha siku tatu. Alhamisi, saa tisa alasiri, nikaona maji yanapita chini ya mlango wa mbele, membamba, ya kahawia, yakiwa na makapi ya mbao. Nikapiga kelele. Mama alikimbilia jikoni. Nikamfuata nikamkuta anawasha gesi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nabandika birika."

"Mama, haya ni ya kweli!"

"Najua ni ya kweli. Sasa nitajuaje kama tumechelewa?"

Nilivaa mfuko wa vyeti, nikaweka kikapu chini ya dirisha, Meneja akaingia akilalamika. Mama akakunja mkono ndani ya kiboksi, komeo likatoka, nondo zikafunguka bila hata kulia. Akapita yeye, nikampa kikapu na ndoo, nikamsukuma Mgeni kwa makalio, nami nikafuata. Hakuna aliyemfunga mtu wala mbwa. Mgeni alitutangulia njia ya shuleni akisalimia kila tuliyempita.

Kule shuleni juu, darasani walikuwa wamejaa majirani, na habari ilikuwa moja: waume wamerudi kulinda. Mwenye duka amekaa juu ya paa lake na panga. Mwingine amejifungia ndani na televisheni yake. Nilimpigia Cheche mara sita, simu haipatikani. Mama alikaa kwenye benchi la mbele, kikapu mapajani, macho mlangoni. Nilijua anachokiona: Cheche ameingia kwa dirisha, amelivuta nyuma yake, komeo limepita, na yeye amekaa juu ya meza na pete yake ya funguo, analinda viti. Ndivyo alivyo. Mtu aliyeishi kwa kufunga milango ya watu, umwambie aache wa kwake wazi? Mama hakulia, lakini alikuwa anamkuna Meneja kupitia tundu la kikapu bila kupumzika, hata paka akachoka.

Karibu saa kumi na mbili Mgeni aliinuka. Hakubweka, mkia tu ulianza kugonga dawati. Cheche aliingia, amelowa mpaka kwapani, kiatu kimoja.

Mama hakusimama. "Ulipita nyumbani?"

"Nilipita. Niliingia kwa dirisha, nikalivuta, nikapanda juu ya meza." Alipangusa uso. "Halafu nikasikia kitu kinachemka. Nikaenda jikoni. Birika limechemka mpaka linakauka, na mimi nimo ndani."

"Kwa hiyo umekufa," Mama akasema.

"Nimekufa. Nikazima gesi, nikatoka."

"Dirisha?"

"Liko wazi."

"Na ndani umemwacha nani?"

Cheche alitazama kikapu, akamtazama Mgeni, akanitazama mimi, kama anatuhesabu. "Nimechungulia kila chumba," alisema. "Hakuna mwenye pumzi."

Mama alisogea kwenye benchi akampa nafasi. Alipokaa, alimfinya sikio, halafu hakuliachia, akaendelea kulishika hivyo mbele ya watu wote, na mzee wa watu akatulia. Mimi niligeukia ubao nikajifanya nasoma hesabu za watoto.

Tuliporudi baada ya siku mbili, tulikuwa tumeibiwa mtungi wa gesi, redio, viti vinne na birika. Sanduku lilikuwepo palepale, hakuna aliyeliweza. Mama aliposikia birika limekwenda aliwalaani wezi hao mpaka wa vizazi vijavyo. Mstaafu alikuja mbio kuapa kwamba hahusiki, akatuachia fagio jipya la kutolea tope, na Cheche akamkaribisha chai tukiwa tumesimama wote, maana viti havipo. Mwenye duka, aliyeshushwa kwenye paa kwa kamba, akaja kuulizia dirisha la kutokea. Jirani mwingine naye akaja. Sasa ukitembea na Cheche bado unachelewa, ila wimbo umebadilika: "Ile yangu, inafunguka. Ile yangu, bado, nitakuja kuikata Jumamosi."

Pete ya funguo bado iko kiunoni, lakini jana niliona imepungua. Kwenye karakana alikuwa ameuweka ufunguo mmoja wa shaba juu ya fuawe, anaugonga taratibu, mpaka ukawa kibati chembamba. Niliujua: ni ule wa mnyororo wa getini. Alichonga namba ya simu, tarakimu tano upande huu, tano upande ule, akatoboa tundu, akamwita Mgeni kwa jina lake, mara ya kwanza nimsikie. Akapiga goti kwenye vumbi la chuma, akamvua kile kibati kizito, akamvisha hiki, akamshika kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

Leo asubuhi Mgeni amepita barabarani kichwa juu, anasalimia watu.